Ile Buluu Wote Wanataka Itoke

Jumatatu, 4 Juni 1990

Masere Anne, mutawa wetu, amekuja mpaka nyumbani, yeye mwenyewe, na jua lote lile. Anataka tablo, picha ya kubandika vitambaa, kwa ukuta wa fuaye, ile nyumba ya wamama pale paroasi. Nilimwambia mikono yangu imelala tangu ile tablo ya kwanza. Anaijua. Niliibandika na kole, gundi ya muhogo, mende wakaila yote, sura za watu zikaanguka chini moja-moja — na wamama wakacheka mpaka misa ikaisha. Tablo ya mende! Miaka miwili sasa sijabandika kitu. Kisha Néhémie akazaliwa, nikapata sababu nzuri ya kuchoka.

Itatundikwa Jumamosi tarehe 16, akasema Masere. Hakuuliza kama naweza.

Kwa nini mimi? Pengine wengine wamekataa.

Jumatano, 6 Juni

Bwana yangu Edmond ameleta mufuko wa masalio ya vitenge kutoka kwa Papa Onésime, mushonaji wa avenue yetu. Triplex, ule ubao mwembamba wa kubandikia, ninayo. Mchanga na magamba ya sangala nimeokota kule kwa wauza samaki. Wamama wanaanika ndagala kando ya ziwa — njo picha ninayotaka.

Nimebandika wamama wawili. Wamesimama kama vijiti. Nikawatoa. Nimelia kidogo, Néhémie akalia na mimi, tukanyamaza pamoja.

Kole sasa natia pilipili. Mende ajaribu!

Alhamisi, 7 Juni

Chini kabisa ya mufuko — buluu! Kitenge kizito cha Kigoma, na ndani yake mistari myembamba ya manjano, kama jua limevunjika juu ya maji. Nilikata bila kupima. Nikatia katikati. Ziwa likalala pale, na wale wamama, nilipowarudisha, wakapata migongo. Wakainama kama watu. Magamba nimeyapanga pembeni, yanang'aa.

Nilisahau sufuria kwenye moto. Edmond alikula bukari ya unga wa muhogo, imeungua yote.

Mikono imerudi. Naandika neno hili polepole, isisikie ikakimbia.

Jumamosi, 9 Juni

Mama Bibiane, jirani, ameingia bila kuitwa. Eti lete mutoto nimushike, weye fanya kazi yako. Tangu lini? Jana pia alikuja, eti kuomba chumvi. Mwaka mzima hajamushika Néhémie hata mara moja!

Alikaa na mutoto magotini, macho kwenye tablo. Akagusa buluu na kidole. Hii umeitoa wapi? Kwa masalio tu, mama. Ni nzuri, akasema. Uso wake haukucheka.

Anataka kuiba namna yangu. Najua aliomba Masere kazi ya vitambaa vya altari, hakupewa. Alipotoka nikafunika tablo na mukeka.

Jumatatu, 11 Juni

Bibiane tena asubuhi. Ameinua mukeka mwenyewe, kama nyumba ni yake.

Halafu Papa Onésime! Mutu asiyeachana na cherehani yake hata kwa mvua. Mama Néhémie, akasema, ile buluu ni nzito, inameza wamama wako. Nimekuletea ya kijani. Mupya, haijakatwa, bure. Bure! Papa Onésime anayeuza hata uzi uliobaki kwenye kibobini!

Jioni, kwenye chakula, Edmond naye. Eti ziwa haliko buluu hivi. Na kravati yake shingoni — tangu serikali iliporuhusu kravati mwezi wa nne, anataka kuogea nayo. Hajawahi kutazama tablo yangu hata moja. Ile ya mende aliijua kwa kusikia kicheko.

Wanaume wawili, siku moja, neno moja. Kuna kitu.

Au wanasema kweli. Pengine macho yangu ndiyo bado yamelala. Nimelowanisha pembe moja ya buluu nianze kuibandua. Imeinuka. Nikaacha hapo. Sijui tena ninachoona.

Jumatano, 13 Juni

Leo Bibiane alishika ile pembe, akageuza, akaona nyuma alama ya uzi wake. Hii ni yangu, akasema.

Mama yake alimuletea kitenge hicho kutoka Kigoma. Alikitunza kwenye sanduku kwa ubatizo wa mutoto wake. Kilipotea Pasaka. Bwana yake Jérôme akasema ni panya. Panya! Panya wa miguu miwili, anasema Bibiane, na ana biro ya pili, mwanamuke wa pembeni! Nilicheka, naye akacheka, kisha akafunika uso na mikono. Kumbe siku zote hizi alikuwa anatafuta masalio mengine, ajue kimeshonwa nini, na mwanamuke ni mukubwa kiasi gani. Nikaona haya ya ule mukeka.

Toa, unipatie, akasema. Nitaiweka mbele ya wakubwa wa familia. Aseme tena panya.

Edmond aliporudi nilifunga mulango. Alikana. Kisha akavua kravati, akasema yote. Jérôme alichukua kitenge, Onésime akashona robe, gauni ya mwanamuke wake wa kule Kongolo. Edmond njo aliibeba mpaka gare, iende na treni. Mufuko wa masalio hakuuchungulia. Toa tuichome, mama! Unataka kuvunja nyumba ya watu juu ya tablo?

Nikamuuliza: kwa hiyo ziwa liko buluu?

Akanitazama kama malaria imenishika. Nikasema: jibu!

Liko buluu, akasema. Tena sana. Hata mulangoni inaonekana, njo maana tunaogopa.

Nina hasira, na nina furaha, yote kwa tumbo moja. Macho yangu yalikuwa yanaona! Lakini kubeba robe ya mwanamuke mpaka gare, kwa urafiki tu? Na Edmond sijamaliza.

Ijumaa, 15 Juni

Pembe nimeibandika tena. Kole nzito. Tablo imekwisha. Edmond analala ameelekea ukuta.

Jumamosi, 16 Juni

Niko fuaye, daftari kwenye goti, Néhémie ananyonya.

Asubuhi nilimwambia Bibiane: kitenge ni yako, mama, kazi ni yangu. Kipande hakitoki. Sikupi, wala Edmond simupi achome. Anayetaka kukiona atakikuta ukutani. Edmond akasema mugongo unamuuma, hawezi kubeba. Basi Bibiane akashika upande wa pili wa triplex. Inamisha, akasema, upepo utaibeba. Tukaibeba hivyo mpaka fuaye.

Sasa wanaume wamefika, Edmond na Jérôme, wote na kravati. Jérôme aliona tablo, akasimama mulangoni.

Bibiane amemwita kwa sauti ya asali: Papa, weye murefu, kuja utupigie musumari.

Amepiga. Amegeuza uso pembeni wakati wote, kidole chake njo kimepata nyundo. Bibiane anamushikia ngazi. Edmond anahesabu viatu vyake.

Masere hajui kitu. Anapiga makofi, tablo iko ukutani, anafurahi. Anamwambia Jérôme ashuke, arudi nyuma kidogo, atazame vizuri katikati pale, atuambie kama imenyooka.