Mashudu ya Shemeji Festo

Mama, shikamoo. Huku Mpemba mpakani kuna baridi, lakini pua zetu zinawaka moto.

Shemeji Festo ananenepesha ng'ombe, na anaamini protini haizidi, kama baraka. Anawajazia mashudu ya alizeti kuliko pumba, na protini ya ziada yote inatokea kwenye mkojo. Zizi linanuka hadi linachoma macho! Jana mnunuzi Mzambia alichungulia tu, machozi yakambubujika. Dada akadhani kafiwa, akaita majirani. Wakaja na unga wa msiba, wakaketi naye kando ya zizi, wote wakalia. Mzambia akaondoka bila ng'ombe, rambirambi zimo mfukoni.

Ukiona doa la chozi hapa, ni zizi. Kukukumbuka nako kupo, Mama, ila hakunuki.

Mwanao,
Tusekile