Fantaye Wawili

Dangla, Hidar 3, 2003, kalenda ya Ethiopia

Mwanangu Bezawit,

Salamu nyingi kwa jina la Utatu Mtakatifu. U mzima? Kifua kimepoa? Mimi kwa rehema za Mariamu sijambo, goti tu ndilo linaloninunia kukiwa na baridi.

Jana kwenye kahawa jirani yetu Etaferahu kaniuliza tena ulisomea nini. Nikamwambia, kutunza taarifa za hospitali nzima, ziingie kwenye kompyuta zisipotee. Akasema, "Miaka minne chuo kikuu kupanga mafaili? Mbona mimi napanga vyungu bila cheti?" Wakacheka, nami nikacheka. Moyoni nikasema, ngojeni awe mkuu wa masijala. Hebu niambie, cheo kile bado wanakufikiria?

Mama yako

Bahir Dar, Hidar 19

Emaye, mama yangu,

Nakuamkia kwa heshima. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Kompyuta ililetwa ikiwa na nafasi mbili za jina: la mtu na la baba yake. La babu halina pa kukaa, nikaliacha. Nikakuta Fantaye Alemu mara mbili, umri mmoja, mtaa mmoja. Nikadhani ni mwanamke mmoja aliyefunguliwa mafaili mawili. Nikabakiza moja, jingine nikalifunga. Kumbe ni watu wawili, babu zao mbalimbali. Lile nililolifunga ndilo lililoandikwa kwamba penisilini humdhuru. Muuguzi Hirut akatazama kompyuta, hakuona onyo, akamdunga sindano ya penisilini. Leo siku ya nne Fantaye hasemi.

Hirut kasimamishwa kazi, eti hakumuuliza mgonjwa. Mimi hakuna aliyenitazama. Nifanye nini?

Binti yako

Dangla, Hidar 26

Mwanangu,

Mungu akutie nguvu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaitia kwenye makaa ya kahawa.

Rekebisha faili, nyamaza. Hirut ana mume, ana ndugu. Wewe una nani ila mimi? Ukisema, nani atakupa tena hata ufunguo wa kabati? Huu mfungo wa Manabii wa kabla ya Noeli nimeuweka kwa ajili ya huyo Fantaye, namwombea asubuhi na jioni. Mungu ameona, yatosha.

Mama yako

Dangla, Tir 14

Bezawit mwanangu,

Wiki saba kimya. Leo sikuulizi afya, naogopa jibu.

Sikukuu ya Ubatizo ilipopita, Abba Gebre-Hiwot, baba yetu wa roho, alikuja kubariki nyumba. Nikamweleza yote, ila nikasema ni mtoto wa jirani. Akanywa kahawa hadi kikombe cha tatu. Kisha akaniuliza, "Na huyo muuguzi, mama yake anasali kanisa gani?" Akasimama, akachukua fimbo yake. "Mwambie mtoto wa jirani akaseme. Na wewe, mama Bezawit, mfungo ule ulimfungia nani hasa?"

Kumbe alishanijua tangu kikombe cha kwanza.

Mwanangu, nilikushauri kwa uoga wa mama, nikauita ibada. Kaseme. Wakikufukuza, njoo, kitanda chako sijakitoa.

Mama yako

Bahir Dar, Yekatit 9

Emaye,

Nakuamkia. Goti lako vipi?

Barua yako niliiweka siku tatu mezani chini ya karatasi. Siku ya nne nikaingia kwa mkurugenzi, nikasema yote. Fantaye yu hai, lakini ulimi umekuwa mzito, mumewe ndiye anayemsemea. Hirut amerudishwa kazini. Mimi nimeondolewa kwenye kompyuta, na kile cheo kapewa mwingine. Niko chumba cha chini, naandika majina ya babu kwa mkono, kadi moja moja. Ni maelfu.

Jana Hirut alikuja dirishani kuchukua faili. Nikamwomba msamaha. Akaniangalia, akasema, "Siku sabini nimekaa nyumbani, majirani wakiniita muuaji. Wewe siku hizo ulikuwa unalala, dada?"

Nilitaka kumwambia sikulala hata siku moja. Nikamwambia nilikuwa nalala.

Akalifungua faili palepale dirishani, akalisoma mstari kwa mstari mpaka mwisho, ndipo akaondoka nalo.

Binti yako