Kisanduku Chini ya Kitambaa cha Mama

Kibandani kwangu,
Mkabala na fundi cherehani.
Jumapili, tarehe 16, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Chapuchapu,

Pokea salamu za dada yako, za moto kama zilivyotoka. Hali yako? Wifi yangu anaendeleaje na ile kazi yake ya zamu? Na binti yenu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka ameziba mdomo kwa kiganja? Huku sote wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila akinywa chai ya kwanza anayasahau, na akinywa ya pili anasahau kwamba alilalamika. Mimi mzima pia, isipokuwa kiuno, na sababu ya kiuno utaisoma humu humu.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Utasema dada amezeeka, watu wanapigiana simu na kuonana sura, yeye analamba stempu. Nina sababu mbili. Ya kwanza, siku hizi tukiongea nawe simu anaishika Mama, nami sipati upenyo wa kutia neno. Ya pili nimeiweka mwisho, na tafadhali usiirukie, maana nakujua.

Nianze na kubwa. Mwezi uliopita kibanda changu nusura kifungwe.

Unakikumbuka kibanda chenyewe, upana wake kama mlango, kigoda kimoja, na ile sarafu ya kukwangulia vocha niliyoifunga kwa uzi ili wateja wasiondoke nayo. Miaka kumi na sita nimekaa pale. Nusu ya wateja wangu hawakuwahi kukwangua vocha wenyewe. Namba ni ndogo, macho yamechoka, basi wananipa simu nawaingizia. Namba ya mke wa fundi cherehani naijua kwa kichwa kuliko fundi mwenyewe. Mtu akinunua vocha ndogo mara tatu mchana mmoja, najua kuna mapenzi au kuna ugomvi, na kabla ya jioni nimeshajua ni kipi.

Basi tukaitwa mawakala wote kwenye mkutano. Aliyetuita ni msimamizi wa mauzo wa kampuni ya simu, yule kijana mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa, sisi tunamwita Bwana Mauzo. Akatuambia biashara imegeuka. Zamani kampuni ilikuwa inauza maneno, kwanza kwa dakika, baadaye kwa sekunde, na ujumbe mmoja mmoja. Sasa watu wanaongea na kuandikiana kwa intaneti, na maneno hayana tena faida. Kampuni imesimamisha minara mipya yenye kasi, na kasi hiyo lazima inunuliwe na mtu. Kwa hiyo vocha za karatasi basi, anayetaka salio atanunua kwenye simu yake. Sisi mawakala tukauze intaneti ya nyumbani, kisanduku cheupe chenye taa, unalipia kwa mwezi. Ndani yake kuna filamu, mpira, masomo ya watoto, kila kitu wao wanataka wakuuzie humo.

Kila kibanda kilete nyumba kumi na tano kufikia mwisho wa mwezi. Atakayeshindwa, jina lake linatoka. Akaongeza na jambo jingine kuhusu nyumba hizo, lakini alilisema harakaharaka akiwa anakusanya karatasi zake, nami akili yangu ilikuwa imeganda kwenye kumi na tano.

Niliogopa, mdogo wangu. Tangu shemeji yako atutoke, kibanda hicho ndicho kilichonisimamisha. Nina miaka hamsini na mmoja, na kazi ninayoijua duniani ni kukwangua. Usiku ule sikula. Mama akaniuliza nina nini, nikamwambia jino.

Lakini unanijua nikibanwa. Nilitia visanduku kwenye kikapu nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wa kwanza alikuwa jirani yetu mwalimu mstaafu, akanihoji kama mkaguzi, akataka kujua taa ya kijani inamaanisha nini na ya njano inamaanisha nini, na mimi sikujua hata moja ila nilijibu zote. Fundi cherehani alichukua kwa ajili ya mpira, mkewe alimwambia ni kwa ajili ya mitindo ya magauni. Mwenye saluni akachukua. Kufikia tarehe ishirini na mbili nilikuwa na nyumba kumi na nne. Ya kumi na tano nikaitia ya Mama, nikalipia mwenyewe, nikarudi kibandani nikivimba kichwa.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Kila mteja nilimpa na ushauri juu, ule ule ninaoutoa miaka kumi na sita: tumia kwa kubana. Washa, fanya lako, zima. Usiache kinawaka ovyo, kitaisha kabla ya mwezi. Na watu wananiamini, wakafuata.

Mwalimu alibandika ratiba ukutani, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na Jumapili mapumziko. Fundi akawa anawasha mpira ukikaribia goli tu. Anajuaje umekaribia? Anasikiliza kelele za majirani. Majirani wakipiga ukelele anakimbilia kisanduku, na kikija kumaliza kupepesa taa zake, goli limeshapoa na wachezaji wamerudi katikati. Siku zote hizo hakuona hata moja.

Mama ndiye aliyenishinda hata mimi. Alichomoa waya ukutani, akaukunja, akakifunika kisanduku kwa kile kitambaa chake cha kufuma kilichokuwa kinafunika redio. Ukiingia sebuleni ungedhani kuna birika pale juu.

Zikiwa zimebaki siku nne, Bwana Mauzo akaja kibandani na kishikwambi chake. Nilishamwandalia soda. Hakuigusa. Akaniuliza, "Dada, hivi wewe umeuza intaneti au umeuza mapambo?" Kumbe kwenye orodha yake nyumba zangu zote zilikuwa zimelala. Na lile jambo alilolisema harakaharaka siku ya mkutano ndilo hili: nyumba isiyotumia vya kutosha haihesabiwi. Kwa kampuni, mimi sikuwa na nyumba kumi na tano, sikuwa na hata moja.

Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba hao ni wateja waangalifu na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kubana. Akakaa kwenye kigoda changu. Akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Halafu akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu unayemheshimu. Kisanduku hakiuzwi kwa kiasi, kinauzwa kwa kasi. Ukiwasha mwezi mzima, mwezi unaisha. Ukizima mwezi mzima, mwezi unaisha vile vile. Hakuna kinachobaki wala kinachookolewa. Na kampuni inaomba usiku na mchana watu wawashe, maana aliyezoea haachi, na asiyezoea anarudisha kisanduku mwezi wa pili.

Mdogo wangu, nilitamani kigoda kile kiwe wazi nikikalie. Nilikuwa nimewafundisha watu wa mtaa mzima kubania kitu kisichobanika.

Kiuno ndipo kilipoingia. Siku tatu nilizunguka nyumba zile zile, nainama chini ya meza, chini ya vitanda, nachomeka nyaya, naomba radhi. Mwalimu alikataa kubandua ratiba mpaka nimwandikie barua na kutia sahihi kwamba kisanduku hakiishi. Nikamwandikia. Fundi hakuhitaji kuambiwa mara mbili, na sasa cherehani inakula vumbi, wateja wake wanapimwa nguo macho yake yakiwa kwenye mpira. Juzi amemkatia bwana mmoja suruali, mguu mmoja umefupika. Mwenyewe anasema timu yao ilikuwa inaongoza.

Ikabaki nyumba ya Mama, na siku ikabaki moja. Nilimweleza kila alichonieleza Bwana Mauzo. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza, "Kitu gani kisichoisha, mwanangu? Hata sabuni inaisha." Nikachomeka waya. Nilipotoka kwenda kunawa mikono nikarudi, waya umeshakunjwa na kitambaa kimerudi mahali pake. Nikachomeka tena, akachomoa tena, tena akiniangalia machoni. Kibanda changu kizima kilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu, na nisingeweza kumwambia, maana angeumia.

Ndipo nikasema basi, tumpigie Chapuchapu angalau mara moja kwa kisanduku hiki. Huo ndio ule mchana wa Alhamisi. Unakumbuka mlivyoongea? Hujambo sijambo, mmekula tumekula, mvua imenyesha haijanyesha, salamu kwa wote, haya kwaheri. Pumzi moja. Ndiyo maana Mama alikupa jina hilo, kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyeweza kusema yote kabla salio halijakatika. Miaka kumi na moja tangu uhamie mbali tunakuaga hivyo. Kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kukata nikamshika mkono.

Wakati huo huo wifi akakuita umsaidie kubeba kitu, ukasema nakuja sasa hivi, ukaiacha simu mezani imeangalia dari. Wewe unajua umeenda kubeba kabati. Hujui Mama alivyokaa.

Alikaa anaangalia dari yenu. Akaniuliza kama kampuni bado wanahesabu dakika, nikamwambia hawahesabu. Akasikia sahani. Akasikia binti yenu anasoma kitabu kwa sauti, anakwama kwenye neno moja, anarudia. Akamsikia wifi anacheka chumba cha pili. Akavuta ungo wake akaanza kuchambua mchele polepole, simu imeegemea kopo la sukari. Nusu saa hakuna aliyesema neno, na mimi sijamwona ametulia hivyo tangu uondoke. Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu ambavyo havikuwapo.

Kisha ukarudi. Ukamwona ameinama, kimya. Ukasema halo, halo, mtandao umekatika, ukakata.

Mama akainua uso akaangalia simu. Akasema, "Salio lake limekwisha, maskini." Nikanyoosha mkono nikiondoe kitambaa, nikidhani atakifunika kisanduku tena. Akanizuia. Akasema kisanduku kiachwe kinawaka hivyo hivyo, usije ukarudi ukakuta kimezimwa.

Hakikuzimwa mchana ule, wala usiku, wala kesho yake. Kitambaa kimerudi kwenye redio. Ijumaa jioni Bwana Mauzo akafungua orodha yake mbele yangu, nyumba zikawa kumi na tano, na iliyoongoza kwa kuwaka saa nyingi siku hiyo ilikuwa ya Mama. Soda yangu ameinywa safari hii. Nimepewa bango jipya, jekundu mno, limefanya kibanda kionekane kama kimepaka rangi ya midomo. Vocha hakuna tena, lakini foleni ipo, watu wanakuja kuuliza taa ya njano inamaanisha nini. Sasa najua. Sarafu yangu nimeiacha inaning'inia.

Wanakusalimu wote: fundi cherehani, ambaye anasema ukija usimletee kazi siku ya mechi, mwalimu mstaafu, ambaye ameuliza kama bado una mwandiko mbaya, na shangazi mkubwa, ambaye sasa kila akipita kwa Mama anakaa mpaka kiza. Nisalimie wifi, na umbusu binti yetu kwenye pengo.

Sasa ile sababu ya pili. Tangu Alhamisi ile umempigia Mama mara mbili, na mara zote mbili alipokaa kimya ulikata. Sikulaumu. Kwetu sisi kimya kilikuwa na maana moja tu, salio limekwisha. Hatukuwahi kuwa na dakika ya kutosema kitu. Ila kila ukikata Mama anasema maskini, anachambua mchele peke yake, na kisanduku kinaendelea kuwaka.

Nisingeweza kukwambia haya kwenye simu kwa sababu ameishika yeye. Kwa hiyo nimeandika. Akinyamaza, mdogo wangu, usikate. Si mtandao. Anachambua mchele. Weka simu mezani, iangalie hata dari, uendelee na kazi zako.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awape afya na riziki ya kutosha, na atukutanishe sebule moja kabla magoti ya Mama hayajakataa kabisa.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
nikupendaye bila kubana.