Mkufunzi wa Shabaha Aliyesema Haina Kitu

Weee, uko wapi?

Yule mkufunzi wa shabaha, aliyenitimua uwanjani mwaka jana eti kidole changu kimegusa kifyatulio, akaniambia mbele ya watu "nenda kashike mwiko"? Leo kaingia mwenyewe kwenye kumi na nane zangu.

Kuna mama mgeni hapa klabuni, kanunua bastola juzi. Mkufunzi kaichukua, kachomoa magazini ya risasi, kamrudishia: "Haina kitu mama, jizoeze kulenga." Mama kageuka nayo amuulize swali, mtutu ukanielekea tumboni, mimi niliyesimama pembeni!

Nikamshusha mkono taratibu. "Mwalimu, ifungue tuone."

"Nimeshasema haina kitu."

"Ifungue!"

Kaichukua kwa mama, kaifungua, risasi ikadondoka sakafuni. Ilibaki ndani ya mtutu! HAINA KITU, eti!

Nikamwambia mama, wote wasikie: "Ukipewa silaha, hata na baba yako mzazi, usiamini mdomo. Fungua uone mwenyewe."

Jamaa kanifuata hadi kwenye maegesho: "Dada yangu, yaishe, nina watoto."

Nikamjibu, hata mimi ninao, na tumbo lililoponea chupuchupu ndilo lililowabeba. Sasa niko mlangoni kwa mwenyekiti wa klabu. Leo ukufunzi unamtoka.