Vitambaa Vyekundu vya Shimanzi

Makupa, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Dada Wakesho,

Nakusalimu wewe na shemeji na wote waliomo nyumbani. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba baridi ya huko milimani haijamrudishia mama kile kikohozi chake. Je, miguu yake bado inavimba? Na yale mahindi ya bondeni mmeyavuna, au nguruwe wamewatangulia? Mimi mwili wangu mzima. Umeniandikia mara mbili bila jibu, na mara ya pili ukauliza kama nimeoa mwanamke wa pwani akanifunga mikono. Sijaoa. Nilikuwa na neno ambalo sikujua nitaliandikaje. Isome kwanza peke yako, kisha uamue mama asikie kiasi gani.

Unamkumbuka Kazungu, yule Mgiriama niliyekuandikia kwamba tunakaa naye chumba kimoja, kuli wa kupakia magunia kwenye ghala ninalolinda? Amefariki dunia. Na mimi nina mkono katika kifo chake. Nitakueleza tangu mwanzo.

Miezi kadhaa iliyopita kichaa cha mbwa kilizuka hapa Shimanzi. Mbwa koko waliuma watu karibu na reli. Gari lenye kipaza sauti likapita kutangaza kwamba watu wa mifugo watachanja mbwa pale Makupa siku moja, na kwamba kila mbwa aliyechanjwa afungwe kitambaa chekundu shingoni. Baada ya hapo wangepita na bunduki, na mbwa asiye na kitambaa angepigwa risasi, awe wa kufugwa awe wa jalalani.

Mimi nalinda na mbwa wawili, Jeki na Malkia. Niliwapeleka alfajiri, wakachanjwa. Walinzi wenzangu wengi walifika jua limeshapanda, dawa imekwisha. Waliambiwa wasubiri, italetwa nyingine.

Siku hiyo hiyo nikaenda Kuze kwa Fundi Athmani, mshonaji mzee ambaye hunitilia viraka sare yangu. Nikamwomba anishonee vitambaa viwili vya mbwa. Akaivua miwani, akanitazama.

"Mwanangu, usidhani nakudharau," akasema. "Mashini hii hushona kanzu za watu kuswalia. Nguo ya mbwa siwezi kuipitisha hapa."

Nikamwambia nimeelewa, nikaanza kuondoka. Akaniita.

"Ngoja. Nani amekwambia yahitaji mashini?"

Alitoa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye kazi ya mapazia. Akakata mraba kwa ule mkasi wa meno, unaoacha ukingo kama msumeno. Akasema ukingo wa hivyo haufumuki upesi hata usipopindwa kwa uzi. Kisha akaukunja mraba pembe kwa pembe ukawa pembetatu, akaupinda ule upande mrefu mara mbili upate nguvu, akakata tundu dogo karibu na ncha moja na kuipitisha ncha ya pili humo. Alinionyesha juu ya goti lake. "Ukishaifunga, vidole viwili vipite chini yake," akasema, "mnyama asinyongeke." Akanipa na mabaki yote ya kile kitambaa, hakutaka kitu.

Dada, laiti asingenipa yale mabaki.

Kesho yake walinzi wa yadi za jirani waliwaona Jeki na Malkia, wakaja. Wa kwanza alikuwa Musyoka, Mkamba wa yadi ya makontena inayopakana na yetu. Alikuwa na mbwa wake Chui, aliyemlea tangu hajafumbua macho. "Mwadime," akaniambia, "nitengenezee na mimi. Dawa ikija nitampeleka. Wakija na bunduki kabla ya dawa, itakuwaje?"

Nikamtengenezea. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilipenda pia kuombwa. Tangu nije Mombasa hakuna mtu aliyewahi kunihitaji kwa jambo. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimekata vitambaa tisa, kila kimoja kikafungwa kwa mbwa ambaye hakuchanjwa. Walipopita wenye bunduki waliona wekundu kila lango, wakaenda zao. Tulicheka siku hiyo.

Dawa haikuja. Na sisi hatukuiulizia tena.

Kisha, mchana mmoja, Kazungu alikuwa akikatiza yadi ya Musyoka kwenda kunywa chai, Chui akamrukia na kumuuma shavu la mguu. Chui alikuwa akimjua, alikuwa akila ugali mkononi mwake. Nilifika mbio. Musyoka alikuwa amemshika mbwa kwa kile kitambaa changu, na Kazungu amekaa chini anajifunga leso ya jasho mguuni.

Akaniuliza, "Mwadime, huyu amechanjwa? Au niende hospitali nikachomwe sindano?"

Musyoka alikuwa akinitazama. Mimi nikasema, "Humwoni kitambaa?"

Hayo ndiyo maneno yangu, Dada. Nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa. Kusema kweli sikumwambia uongo, lakini nilijua ataelewa nini, na ndivyo alivyoelewa. Nilihofu wakijua habari za vitambaa nitafukuzwa kazi, na mbwa wa watu watauawa. Nikajiambia nitamweleza tukifika chumbani. Tulipofika alikuwa anapika na kunitania kwamba mbwa wa Kikamba hawana adabu. Nikanyamaza. Kesho yake nikanyamaza tena. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, kikapona.

Siku ya nane baada ya kumuuma, Chui akafa. Musyoka alisema amegongwa na lori. Sikuuliza lori gani. Hata hapo palikuwa bado na nafasi ya sindano, nami nikaamini habari ya lori kwa sababu nilitaka kuiamini.

Wiki ya sita Kazungu alianza kulalamika kwamba lile kovu linamwasha na kumchoma. Akapata homa. Jumanne asubuhi nilimpa kikombe cha maji, akakisogeza kinywani, koo likakazana mbele ya macho yangu, akakitupa. Alikuwa na kiu lakini alikuwa anayaogopa maji. Nilimbeba mpaka hospitali kwa mkokoteni wa kuli mwenzake.

Daktari aliuliza kama aliumwa na mbwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini hakuchomwa sindano. Nikamweleza yote, Kazungu akiwa kitandani ananisikia. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba dalili zikishatokea hakuna dawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kazungu akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

Aligeukia ukuta. Kisha akasema, "Basi kamwambie mama mwenyewe. Usimwachie mtu mwingine."

Alikufa siku ya tatu. Alivyokufa sitakuandikia.

Kabla hajafa nilifanya jambo lingine. Nilizunguka yadi zote nikavifungua vile vitambaa vilivyobaki, vinane, nikawaambia wenye mbwa sababu. Mmoja alinisukuma. Mwingine, mtu mzima, alikaa chini akamkumbatia mbwa wake, akaniomba nimwachie siku mbili tu. Sikumwachia. Wenye bunduki walirudi Ijumaa. Jeki na Malkia walibaki, kwa kuwa wao walichanjwa kweli, na sasa walinzi wote hawanisemeshi. Musyoka aliacha kazi bila kuaga.

Tulimsafirisha Kazungu mpaka kwao, mbele ya Kaloleni. Baada ya mazishi nilimwendea mama yake. Alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine. Nikapiga magoti, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Wale wanawake walianza kunong'ona, akawanyamazisha kwa mkono.

"Alikuuliza?" akasema.

"Aliniuliza, mama."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, humwoni kitambaa?"

Nilidhani atalia au atanilaani, na nilikuwa tayari. Akasema, "Umemleta mwanangu kutoka mbali, kwa hiyo utakula. Ukishakula, uende. Hapa hutalala, na matanga yake usije."

Waliniletea sima na mchuzi. Nilikula, Dada, kila tonge, kwa sababu alikuwa akinitazama. Kisha nikatembea mpaka barabarani.

Sikuandikii unisamehe, kwa maana wewe hukukosewa. Nimekuandikia kwa sababu ulinilea, na sitaki unisifie kwa watu wakati hunijui.

Kazi bado ninayo. Chumbani kitanda cha Kazungu hakijachukuliwa, mwenye nyumba anasema ataleta mpangaji mwisho wa mwezi.

Nisalimie mama, umwambie mimi mzima. Nisalimie shemeji na migomba yake, na binti yako aliyeingia darasa la nne. Nisalimie na mjomba mchonga mizinga ya nyuki, na mwinjilisti wetu, umwombe aniweke katika sala zake bila kumweleza sababu.

Na Tarishi, mbwa wa nyumbani, mpelekeni achanjwe watu wa mifugo wakifika huko. Wakisema dawa imekwisha, mumfunge kamba nyuma ya nyumba mpaka ije, na msiruhusu watoto wamsogelee. Akimuuma mtu yeyote, hata wewe, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msimuulize mtu kama amechanjwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mwadime