Lambo la Mzee Chujio

Nyumbani, 9 Januari

Mume wangu mpendwa,

Pokea salamu za mkeo mkubwa, uliyemuoa bila mahari na sasa hana hata meno ya mbele. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nalo limeshakuwa mtu wa nyumbani, nimelizoea. Ng'ombe wazima. Wewe je? Unakula? Najua utajibu ndiyo, na najua utakuwa unanidanganya.

Nakuandikia kwa sababu simu anayo baba yako mkubwa, na nikiongea husimama mlangoni kama askari. Tena habari yenyewe inamhusu. Lambo limekauka. Mvua ilinyesha likajaa mpaka mdomoni, bata wakaogelea kwa raha zao, na wiki haikuisha bata wakawa wanatembea. Baba yako mkubwa amesema imetosha. Anataka tuuze malisho yote ya huku juu tuhamie bondeni, kwenye ule udongo mweusi ambako maji yakituama yametuama. Mnunuzi ameshapatikana.

Unajua kwamba aliyekichagua kilima hiki ni marehemu babu yako, na lambo alilichimba kwa mikono yake. Unajua pia watu walivyomwita: Mzee Chujio. Alicheka nao mpaka akafa, lakini mimi nililala naye kitanda kimoja, najua jina hilo halikumchekesha. Sitaki auzwe pamoja na ardhi. Na mimi siku yangu ikifika nataka kulazwa pembeni yake, siyo huko bondeni kwenye tope.

Wewe kazi yako ni kupima udongo wa watu. Basi pima na wetu, utuambie una ugonjwa gani. Dereva wa lori la maziwa atakuletea kopo. Nimeuchambua vizuri kama mchele: mawe nimetoa, mizizi nimetoa, madonge nimeyatwanga, kisha nikaupepeta mara mbili. Sikutaka ofisini kwenu waseme umetoka kwa watu wachafu.

Mkeo,
Bibi


Maabara, 21 Januari

Shikamoo Bibi, mke wangu wa ujana,

Mimi sijambo, nakula, na nimenenepa mpaka mkanda unalalamika. Pole na goti. Lipake mafuta ya moto, wala usipande kilima kila siku kwenda kuwahesabu ng'ombe ambao baba mkubwa ameshawahesabu.

Kopo limefika. Nimelifungua mezani mbele ya wenzangu, na mmoja akanusa akauliza kama ni kakao. Bibi, tangu nianze kazi hii sijawahi kuona udongo msafi namna hiyo. Shida ni kwamba hauniambii kitu. Mawe uliyotupa ndiyo yangesema udongo umezaliwa na mwamba gani. Mizizi ingesema nyasi zinashuka mpaka wapi. Na hayo madonge uliyotwanga, katikati yake ndimo maji yanamopita. Ni kama daktari ameomba kumwona mgonjwa, wewe ukamtumia nguo za mgonjwa, tena zimepigwa pasi.

Tufanye hivi. Mtafute mtu mwenye nguvu achimbe shimo, kuta zake zinyooke, mpaka akute mwamba au achoke. Kila udongo unapobadilika rangi, toa donge moja zima, lifunge kwenye gazeti na uandike limetoka juu, katikati au chini. Usioshe. Usipepete. Nakuomba kwa mapenzi yote ya ndoa yetu.

Na umwambie baba mkubwa asitie saini popote.

Mumeo,
Mjukuu


Nyumbani, 6 Februari

Mume wangu,

Habari za huko? Sisi hatujambo, na goti linakusalimu. Kaa chini kabla hujasoma.

Baba yako mkubwa alipopata habari za shimo alifurahi mno. "Nitachimba mwenyewe," akasema. "Nikigonga jiwe shimo likiwa bado usawa wa magoti, Mama, ujue ardhi haifai, maneno yaishe." Nikamwonyesha pa kuchimba. Akavua shati akaanza kwa hasira. Akafika magotini, hakuna jiwe. Kiunoni, hakuna. Udongo ukawa unatoka laini tu, juu wa kahawia iliyokolea, chini mwekundu, ukiufinya unavunjika kama mkate wa jana. Nikimwambia apumzike anajibu, "Liko karibu, nalisikia." Mwishowe nikawa naona kofia peke yake, na mizizi ya nyasi inaning'inia ukutani mpaka usawa wa kifua chake. Ndipo jembe likagonga: mawe meusi yaliyooza, yanamenyeka ganda kwa ganda kama kitunguu. Akapiga kelele za ushindi. Halafu akaangalia juu, akagundua kwamba hawezi kutoka.

Ngazi nilikuwa nayo mimi. Ni mwanangu, nilimzaa kwa uchungu na ninamhurumia, lakini nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nikaketi ukingoni.

"Mama, shusha ngazi."

"Tuna mazungumzo kwanza. Mnunuzi asubiri mvua kubwa zipite."

"Mama, jua hili!"

"Huko uliko kuna kivuli. Mimi ndiye ninayeungua."

Akajaribu kupanda, udongo ukamrudisha chini pole pole. Akacheka, nami nikacheka. "Haya," akasema, "mvua hizo tu. Lambo likikauka tena, tunauza, na hutanilaumu." Nikasema sitalaumu, nikashusha ngazi. Mtoto wa watu alitoka mwekundu mpaka kwenye kope.

Madonge ndiyo haya. Sijaosha.

Liko jambo moja sikumwambia, lakini mume hafichwi. Shimo nilimwonyesha pembeni ya babu yako, upande wa mashariki. Nilisema moyoni, udongo ukikataa kunisaidia, walau kazi ya mwanangu isipotee bure.

Mkeo,
Bibi


Maabara, 19 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini umeamka salama. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa kazini, watu wakacheka hadi machozi, mpaka nilipofika pale mwisho. Pale nilisoma kimya kimya. Bibi, lifukie shimo hilo. Nasema kama mume, na nasema kama mtoto uliyemlea baada ya mama yake kuondoka. Sipendi kulala nikijua liko wazi linakungoja.

Sasa sikiliza, maana nina habari njema. Udongo wenu hauna ugonjwa. Ni mzima kuliko sisi sote. Umezaliwa na hayo mawe meusi ya volkano, tunayaita basalti, yaliyooza taratibu kwa miaka isiyohesabika. Una kina kirefu, baba mkubwa ni shahidi. Rangi yake ni safi, kahawia juu na nyekundu chini, hamna madoa ya kijivu, maana yake maji hayajawahi kukwama humo yakaifukuza hewa. Yanapita. Mvua ikinyesha udongo unainywa, unaiweka chini, na mizizi inaifuata huko huko. Ndiyo sababu kiangazi bondeni ardhi imepasuka na nyasi zenu bado zina kijani. Ndiyo sababu ng'ombe wenu hawajui kuoza kwato.

Kwa hiyo Babu alichagua malisho mazuri kupita yote, kisha akayaomba yawe ndoo. Hapo tu ndipo alipokosea. Kwa lambo, udongo mzuri ni ule mbaya wa bondeni. Uletwe kwa mkokoteni, utandazwe ndani ya lambo kwa unene wa kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, umwagiwe maji, halafu ingizeni ng'ombe waukanyage mpaka ushikane kama udongo wa mfinyanzi. Mkishamaliza ufunikeni na nyasi mbichi na mzilowanishe, usikauke kabla ya mvua. Ukikauka utapasuka, na mtarudi kwenye chujio.

Mumeo anayekutaka hai,
Mjukuu


Maabara, 30 Machi

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Mbona kimya? Barua yangu ilifika? Nasikia mvua huko zimenyesha tangu mwanzo wa mwezi. Dereva wa lori anasema barabara imeharibika, na nikimuuliza habari za nyumbani anatabasamu tu na kusema hajaagizwa kusema. Baba mkubwa nikimpigia hapokei. Niambie hata kama ni habari mbaya. Kama ameuza, niambie. Shimo umelifukia?

Mumeo,
Mjukuu


Nyumbani, 24 Aprili

Mume wangu mwenye haraka,

Mimi mzima, sote wazima, na goti limesahau kwamba linauma. Nilinyamaza makusudi, nikawaziba mdomo na hao wengine. Kama ningekuandikia lambo lilipojaa, ungeshangilia bure, maana kujaa lilikuwa linajaa siku zote. Nilitaka kuona bata wanasemaje.

Baba yako mkubwa alileta mkokoteni baada ya mkokoteni, akinung'unika kwamba anabeba bonde zima kulipeleka kilimani. Tukaingiza ng'ombe. Walizunguka mle kutwa nzima, yule dume mwenye pembe moja akateleza akakaa kitako kama mgeni aliyekaribishwa kiti, tukacheka mpaka tukashikana. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo, miguu peku, tope magotini. Usinigombeze, lilinipa raha.

Mvua ilikuja, lambo likajaa. Ikakoma. Kila asubuhi nikawa naenda kuangalia, na kila asubuhi namkuta baba yako mkubwa ameshafika kabla yangu, amechuchumaa ukingoni, anajifanya anatafuta ndama. Wiki ikapita. Nyingine ikapita. Leo nyasi za pembeni zimeanza kuchanua, na bata bado wanaogelea.

Mnunuzi alikuja na viatu vyake vya kung'aa. Mwanangu akamwambia, "Hakuna kinachouzwa hapa," na kabla hajaondoka akamweleza habari za basalti kana kwamba aliichimbua yeye. Kwa kweli aliichimbua. Juzi jirani wa bondeni aliomba alete ng'ombe wake wenye kwato mbovu wapumzike kwetu. Akaropoka kwa mazoea, "Kwa Mzee Chujio." Baba yako mkubwa akamjibu, "Ndiyo, kwa Mzee Chujio. Wewe chai yako unakunywa na majani?"

Barua yako ya udongo nimemsomea babu yako, pale pale alipolala, kuanzia salamu mpaka mwisho. Nilipofika pale uliposema alichagua vizuri nilirudia. Nililia kidogo, lakini ni kilio cha kushiba.

Na lile shimo nimelifukia. Nilisimama hapo mpaka koleo la mwisho la udongo likarudi ndani, na juu yake nyasi zimeshaota. Babu yako atanisubiri. Siku ya harusi yetu nilichelewa kutwa nzima, akanuna, lakini hakuondoka.

Barua hii usiijibu. Dereva wa lori nimemwambia akuwekee nafasi mbele. Njoo uone bata.

Mkeo,
Bibi