Nukta za Chokaa

Langoni, Amu

Kwa mdogo wangu Bi Umulkheir,

Mimi nduguyo nina miaka themanini na mitatu. Nimewazika wake wawili, nimeishi kupita bendera ya Mwingereza na mafundi wote niliojifunza nao kazi, na katika mui huu wa Amu hakuna ukuta wa chokaa ulionishinda. Nakwambia haya mapema kwa sababu nimesikia unakuya kunichukua nikakae kwako Mombasa, eti akili zimeniruka.

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na wajukuu wanakula. Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa na mistari kupanda kama ngazi, kalamu ni mbovu. Na pahali nilipokosa kutia nukta, tia wewe, maana zangu nimezimaliza kwenye vioo vya mwanao, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Ningekupigia simu, lakini simu hushikwa na mkwe wako Nusra, na Nusra akisikia jambo ujue Langoni nzima imesikia. Kwa hiyo nimempa jirani yangu Bakr barua hii, anakuya huko kwa basi.

Unakumbuka mwanao Mahir alivyokuya na ruhusa yako akajenga chumba cha wageni juu darini. Nilimwambia wakati ule kwamba nyumba ya Amu haikodolei watu mato, ina ua wake na zidaka zake ukutani za kuwekea vyombo, inajitazama ndani. Akanijibu, Mjomba, wageni wanalipa waone maji na Manda ng'ambo, hakuna anayepanda ndege kuya kutazama zidaka. Basi akaweka vioo pande tatu, toka sakafuni hadi juu, visafi hata ukisimama nje unaona mbingu imo ndani yake.

Mwaka huu mvua za masika zilipokaribia, ndege wakaanza kuvigonga. Nusra akipanda asubuhi kufagia huwakuta chini, tetere, chiriku, na wale wadiria wadogo wenye mdomo mwekundu wanaotupitia kila mwaka. Huwazoa kwa kizoleo. Alimwambia mumewe kwamba wageni hawatapenda kunywa chai katikati ya maiti. Mahir akasema ni wapumbavu wawili watatu, wengine watazoea. Mimi nami nilisema, mbele yao wote, kwamba kiumbe asiyeona kioo kilicho mbele yake amejitakia. Neno hilo nililisema, sikatai.

Kisha asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri nikachukua kopo la chokaa, nikapanda, nikatia nukta kwa kidole upande wa nje wa vioo vyote, toka sakafuni hadi mkono wangu unapofika, nukta kwa nukta zimekaribiana. Sikumuuliza mtu. Mahir alipoamka uso ulimvimba. Alisema Mjomba alikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani akajua nukta tu, herufi zikamshinda. Nusra alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mwanao akaleta kisu na siki, akakwangua, lakini chokaa yangu naichoma mwenyewe, si ya duka. Ilikwisha kula kioo, haikutoka. Hapo ndipo alipokuletea mashtaka, kwamba nimeharibu mali na kwamba nazeeka vibaya.

Sasa sikia yasiyokufikia. Tangu siku ile ndege hawakufa tena. Nusra ndiye aliyegundua, kizoleo kilianza kushuka kitupu. Akamwambia Swafiya, binti wa hapa mtaani, ni mwalimu, na siku za mapumziko huzunguka Manda na darubini akitazama ndege. Swafiya akapanda, akavipiga vioo picha, akatueleza kwamba ndege kioo hakioni. Huona mbingu iliyomo ndani akadhani ni ndia ya kupita, akaifuata kwa mwendo wake wote. Akiona nukta zimekaribiana hujua pale hapapitiki. Tena zatakiwa zitiwe nje, si ndani, na wengi hukosea hapo. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia mimi sifundishwi. Alitaka pia taa za juu zizimwe wageni wakilala, kwani wadiria wale husafiri usiku na taa huwapoteza. Mahir amekubali, kwa kununa.

Basi sifa zikaanza. Wameniita hata Manda, kwenye nyumba moja ya wageni yenye vioo kuliko kuta. Nilipopanda mashua vijana walinishika mkono huku na huku, nikawaacha wadhani naona raha ya heshima. Mahir naye amegeuka. Mgeni akiuliza nukta hizi ni za nini, husema ni kazi ya mjomba wake, fundi mkubwa anayewahurumia viumbe. Msikitini nako wananipa mkono kwa ajili ya huruma yangu. Sikuwasahihisha. Sifa za haki nimenyimwa nyingi katika nti hii, hii moja ya bure nikaipokea.

Lakini wewe ni mtoto wa mama yangu, na ni wewe unayetaka kunihamisha, kwa hiyo wewe utajua. Asubuhi ile nilipanda kupunga upepo, kama desturi yangu. Mlango wa kioo Mahir huuacha wazi, siku ile aliufunga. Niliuendea kwa uso, Umulkheir, kwa mwendo wangu wote. Ile nundu ya paji la uso niliyomwambia Nusra ni boriti ya ngazi, akaikanda kwa maji ya moto, ni kioo. Nilianguka, nikapapasa sakafu kutafuta kofia, na mkono ukashika kitu laini, kingali na joto. Nilikisogeza mpaka kikanigusa pua ndipo nikakijua kuwa ni mdiria. Nilimzika kwenye chungu cha mrehani, kisha nikashuka kufuata chokaa. Nukta zile nilizitia kwa ajili yangu. Weupe wa chokaa ndio ninaouona bado.

Ito langu la kushoto limeingia ukungu mweupe kama tui, na la kulia linalifuata. Kalamu haina ubovu wowote. Juzi Swafiya alinipeleka kwa wanafunzi wake niwataje ndege wa kwenye picha, nikamwita bundi tetere. Watoto wakacheka, wakadhani nawatania, nami nikacheka nao. Mahir akijua ataifunga ngazi ya darini, kwa kunipenda, nami nitakaa chini kama gunia mpaka nichukuliwe. Ndiyo maana nilinyamaza.

Uye, sikukatazi, ila isiwe kunihamisha. Nipeleke kwa daktari wa mato hapo Mombasa, nasikia ukungu huu huondolewa, kisha unirudishe Langoni kwa mkono wako. Ukiniahidi hivyo nitapanda basi bila ubishi, jambo ambalo hujaliona tangu uzaliwe. Na mwambie mwanao asithubutu mtu kuzigusa nukta nikiwa sipo, ndege bado wanapita. Nikirudi nataka kuzikagua. Watu wanasema zimenyooka, na mimi sipendi kusifiwa kwa kazi ambayo sijaiona.

Wasalimie wajukuu mmoja mmoja, usiwajumlishe. Goti lipake mafuta ya simsim. Mungu atukutanishe tungali na vichwa vyetu.

Nduguyo wa tumbo moja,
Bwanamkuu, fundi chokaa

Kwamba ndege hawafi tena, muulize Nusra mwenye kizoleo. Kwamba nukta hutiwa nje na si ndani, muulize Swafiya. Kwa habari ya uso wangu na kile kioo, mashahidi tulikuwa wawili, na mmoja yuko chini ya mrehani.